Uji wa Asubuhi Ile

Kwa miaka mingi, nikiulizwa ni nani aliyenifundisha mpira, nilikuwa nalitaja jina la Kocha Gaudensi haraka, halafu nabadilisha mazungumzo kabla sijaulizwa swali la pili. Nimelitaja Tabora stendi, nimelitaja Kigoma kwa wapakiaji wa dagaa, nimelitaja Tunduma kwenye foleni ya malori, mahali ambapo mtu anaweza kukaa siku nyingi bila kazi nyingine isipokuwa kusimulia. Kila nilipolitaja nilisifiwa, maana hata huko mbali humkosi mtu aliyepita mikononi mwake, polisi mmoja, mwalimu mmoja, fundi umeme mmoja, na wote wanakwambia kwamba bila mzee yule wasingekuwa watu. Mimi pia bila yeye nisingekuwa mtu. Hilo ndilo linalonisumbua. Mwezi uliopita Oswadi, aliyekuwa kapteni wetu na sasa ni diwani, alinipigia simu nikiwa nimelala chini ya lori nafunga nati, akaniambia Kocha amefariki, mazishi yako Ilembo, kwetu Mpanda, na wachezaji wa zamani wamekubaliana kuwa mimi ndiye nitakayesema neno kwa niaba yao. "Wewe umetembea sana, Treni," akasema. "Una maneno." Nikamuuliza kama Nkwabi, kipa wetu, ameambiwa. Oswadi akasema, "Nkwabi yuko Kakese, si mbali. Msiba haualikwi. Akitaka atakuja."

Waliniita Treni si kwa sababu ya mwendo. Nilikuwa nakimbia pembeni ya uwanja vizuri sana, ila sikujua kukata kona. Beki akisimama mbele yangu nilimgonga au nilitoka nje na mpira wangu. Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, nimeacha shule kidato cha pili, nabeba magunia stesheni. Mpanda wakati huo ilikuwa wilaya tu ya Rukwa, na kila kitu kikubwa, hospitali kubwa, ofisi kubwa, hata dharau kubwa, vilikuwa Sumbawanga. Kocha Gaudensi alinikuta nakimbizana na mabehewa kwa utani, akasimama mpaka nilipochoka, akaniambia, "Wewe kijana unajua kwenda tu. Njoo nikufundishe kurudi." Wiki ileile alinipeleka kwa mkuu wa shule. Nilisimama nyuma yake nikamwona akivua kofia, na sijawahi kumwona akimvulia kofia mtu mwingine tena, si mkuu wa wilaya, si padri. Walizungumza kwa sauti ya chini. Alipotoka akaivaa kofia, akasema, "Jumatatu uwe darasani. Ukinitia aibu, nitakuja kukaa dawati lako mimi mwenyewe." Nilimaliza kidato cha nne kwa sababu ya kofia ile.

Kambi yetu ilikuwa kwenye ghala la bati karibu na stesheni, ambalo zamani liliwekwa tumbaku. Tulilipiga deki kwa sabuni ya mche mara nyingi, na harufu ya tumbaku haikutoka. Mpaka leo nikipita penye mtu anayekausha tumbaku miguu yangu inahisi kama nimeamshwa kwenda mazoezini. Tulilala kwenye mikeka, vichwa ukutani, vijana kutoka kila upande: wa wavuvi kutoka Karema, wa wafugaji kutoka Kakese, wa Kashaulili waliokuwa wakiuza sokoni. Tulitukanana kwa lugha zetu na kupatana kwa Kiswahili. Kocha alilala kwenye benchi mlangoni, ili anayetaka kutoroka amruke yeye. Alileta magazeti ya zamani yaliyokuja na treni, na kabla ya chakula cha jioni kila mmoja alisoma habari moja kwa sauti. Wavivu aliwaita wageni rasmi. "Karibu, mgeni rasmi," alikuwa akimwambia mtu anayetembea uwanjani, "tukuletee kiti, au utakagua timu umesimama?" Tulicheka mpaka aliyeambiwa naye alicheka na kukimbia. Sijawahi kumsikia akitukana mama wa mtu. Kijana wa Karema alipougua malaria, Kocha alimbeba mgongoni mpaka hospitali na kukaa naye siku zote mpaka akainuka. Haya nayasema mapema, kwa sababu nikiyasema mwisho yatakuwa kama maua ya kufunika, nami sitaki yafunike.

Aliyetupikia alikuwa Mama Nkwabi, mama wa kipa wetu, mjane wa Kisukuma aliyekuja Mpanda na mume, ng'ombe na mtoto mmoja, akabakiwa na mtoto. Alikuwa amepanga chumba Ilembo. Alipika nyuma ya ghala kwenye kibanda cha nyasi kisicho na pa kutokea moshi, kwa kuni ambazo sisi wenyewe tulimletea, na kwa uvivu wetu tulimletea mbichi. Macho yake yalikuwa mekundu tangu asubuhi. Tulimwona akiyafuta kwa upande wa kitenge, akikoroga, akifuta, akikoroga. Ugali na maharage siku za kazi, na Jumapili wali wenye samaki, mgebuka wa kukausha, mchuzi umewekwa karanga za kusagwa. Yeye na Kocha walitaniana kama watani kweli. Kocha angesema, "Mama Nkwabi, usiwashindilie hivyo, nawataka wepesi." Naye angejibu bila kugeuka, "Wakiwa wepesi sana, mwalimu, upepo utawabeba mpaka mtoni Sitalike, viboko wawapokee." Mimi aliniita ng'wanone, mwanangu, na aliniongezea ukoko bila kuomba. Nilikula chakula cha mwanamke huyo mwaka mzima. Hakuna mtu aliyewahi kunipikia kwa muda mrefu hivyo baada ya hapo, kwa kuwa sikukaa mahali.

Mwaka ule tulishinda kila timu ya wilaya, ikabaki mechi moja, ya kombe la mkoa, na timu ya Sumbawanga ilikuwa inakuja kwetu. Mji ulichanganyikiwa. Wauza samaki walitugawia samaki, mafundi cherehani walishona bendera. Siku mbili kabla ya mechi nilikuwa nimelala ghalani mchana, kifundo cha mguu kimevimba, nimejifunika shuka usoni kwa ajili ya nzi, na mzee mmoja wa kamati ya timu akaingia na Kocha wakadhani hakuna mtu. Mzee alisema wale wa Sumbawanga wanakuja na fundi wao. Kwa wasiojua mpira wetu: fundi hapa si wa kujenga wala kushona. Ni mganga wa timu, na kila timu iliyojiheshimu ilikuwa na kamati yake ya ufundi, iliyofanya mambo yake pembeni na kukana mbele ya watu. Kocha alisema, "Mimi vijana wangu wana pumzi. Dawa ya nini?" Mzee akasema, "Pumzi watazibwa. Ukifungwa bila dawa, mji huu utakuuliza. Ukifungwa na dawa, atajibu fundi." Nikasikia benchi likilia Kocha alipoketi. Halafu akasema, "Basi iwe asubuhi ileile ya mechi, kabla hawajanywa uji. Na jikoni isijulikane. Mama yule asijue." Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Nilikuwa natamani niwe nimesinzia.

Asubuhi ya mechi fundi alitupanga mstari nyuma ya ghala, upande wa reli. Alikuwa mtu mwembamba mwenye suruali ya suti na ndala, wala hakutisha. Mizizi ilikuwa imechemshwa kwenye ndoo, maji yake meusi, na kila mmoja alipewa kopo moja anywe bila kupumua. Kisha tukaapa, mmoja mmoja, tukiwa tumekanyaga mpira. Hatutamwambia mwanamke, hata mama mzazi, leo wala baadaye, maana anayesema anawafungua wenzake na dawa inamgeukia yeye. Nkwabi alikuwa mbele yangu. Aliapa kuwa hatamwambia mama yake huku sauti ya mama yake ikisikika upande wa pili wa bati, akiimba anapepeta. Kocha alisimama kando, kofia imeshuka machoni, hakunywa. Oswadi akanong'ona, "Na yeye anywe basi, si ni timu moja?" tukacheka kidogo kidogo. Tulipomaliza tukazunguka ghala, tukanawa, tukapewa uji. Uji wa ulezi, mzito, una karanga na limau. Mama Nkwabi alitutazama tulivyokunja nyuso akasema, "Nyie leo mnakunywa kama mnaadhibiwa. Mechi imewashika tumbo tayari?"

Ilitushika kweli. Kabla ya saa sita wa kwanza alikimbilia chooni, na ilipofika saa nane choo kilikuwa na foleni, na wengine walivuka reli kwenda vichakani. Fundi alikuwa ameshaondoka. Tulikwenda uwanjani miguu ikiwa kama ya watu wengine. Sitaki kuieleza mechi yenyewe, ila watu wa Mpanda wa rika langu wanaikumbuka kuliko harusi zao: Nkwabi, kipa bora niliyemwona maishani, aliacha goli wazi akakimbilia nje ya uwanja huku ameshika tumbo, na mpira ukaingia taratibu, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Walitufunga, wakatufunga, wakaacha kushangilia kwa kutuonea huruma. Kipenga cha mwisho kilipolia watu waliingia uwanjani. Hawakutupiga. Walikuwa wanauliza. Mtu mmoja mkubwa, mwenye duka Kashaulili, alimshika Kocha shati akamuuliza mbele ya wote, "Vijana hawa wamekula nini?"

Naikumbuka dakika ile kuliko kitu chochote cha ujana wangu. Kocha alitutazama sisi. Alimtazama Nkwabi aliyekuwa amekaa chini, kichwa katikati ya magoti. Akasema, "Asubuhi walikunywa uji." Basi. Hakusema neno lingine. Hakusema uongo. Yule mwenye duka akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, akaniuliza, "Mlikunywa uji?" Nikasema, "Tulikunywa." Mimi pia sikusema uongo. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua ninachofanya. Niliona neno langu likipita kutoka mtu hadi mtu, na lilipofika kwa wale wa nyuma halikuwa tena uji. Likawa mpishi. Likawa yule Msukuma mjane, mume wake alikufaje, hamjamwona macho? Macho yale tuliyoyafanya mekundu kwa kuni zetu mbichi. Katika nchi yetu mwanamke akishaambiwa hivyo juu ya macho yake, kinachofuata kila mtu anakijua, na hakuna anayesema kuwa hakukijua.

Walifika ghalani kabla yetu. Sufuria zilikuwa zimetupwa, kibanda kimevutwa chini, na mama yule amesimama ukutani ameshika mwiko, hajui anaulizwa nini. Na hapa ndipo hukumu yangu juu ya Kocha inapovunjika kila ninapoijenga. Kwa sababu aliingia katikati ya watu wale, watu wenye mawe mikononi, akasimama mbele yake, akafungua mikono kama kipa. Akasema anayetaka kumgusa aanze na yeye. Jiwe moja lilimpiga begani, hakuondoka. Alisimama pale mpaka tulipopata trekta la mtu wa Kakese lililokuwa limeleta mahindi sokoni, akampandisha kwenye tela na godoro na sanduku lake tulivyomletea kutoka chumbani kwake, na akapanda naye. Mji mzima ulisema Kocha amemwokoa mchawi kwa ubinadamu wake. Mama Nkwabi mwenyewe, kabla trekta halijaondoka, alimwambia, "Asante, mwalimu. Mungu akuone." Nilikuwa nimesimama hatua chache, nikasikia. Kocha akaitikia, "Amina, mama." Kumwokoa kulihitaji ujasiri ambao mimi sina. Kumsafisha kulihitaji sentensi moja, naye alikuwa nayo mdomoni, na alipanda nayo trekta mpaka Kakese akarudi nayo.

Jioni ile alitukusanya ghalani. Bega lake lilikuwa limevimba. Alisema, "Yamepita. Mama yuko salama. Mwenye mdomo aumeze, kwa faida ya wote." Nkwabi hakuwepo, alikuwa amefuata trekta kwa miguu. Oswadi akasema, "Kocha, lakini yule mama hakufanya kitu." Kocha akamjibu taratibu, kama anamfundisha kupiga kona, "Nikisema dawa, watauliza nani alileta. Kamati itanikana. Timu itafungiwa. Ghala litachukuliwa. Wewe utarudi kuuza karanga, Treni atarudi kwenye magunia. Niambie, nianze na nani?" Nilifikiri juu ya dawati langu. Nililipenda dawati lile. Nikafikiri pia juu ya kiapo, kwamba anayesema dawa inamgeukia, na sitajifanya kwamba hilo halikuniogopesha. Liliniogopesha, na pia lilinifaa. Vyote viwili vilikaa pamoja bila kugombana. Nkwabi alivunja kiapo miezi michache baadaye, akawaambia watu sokoni habari ya mizizi. Wakamwambia mtoto lazima amtetee mama yake. Sisi tulioweza kuaminiwa tulikuwa tukitazama viatu vyetu.

Nilipomaliza shule nilipanda treni, na sijakaa mji mmoja zaidi ya misimu miwili tangu siku hiyo. Nilikuwa nawaambia watu kuwa napenda barabara, na nadhani naipenda kweli. Ila Mpanda nilirudi mara chache, na kila niliporudi nilikwenda kumsalimia Kocha, sikwenda Kakese. Alizeeka vizuri. Hakuleta fundi tena, hilo nililisikia kwa wengi. Alianzisha timu ya wasichana wakati watu walipomcheka, aliwapeleka watoto shule, alimtetea kijana aliyesingiziwa wizi mpaka akaachiwa. Nimewaza kama ilikuwa ni kulipa. Kama ilikuwa ni kulipa, hakumlipa aliyekuwa akimdai. Siku moja tukiwa sebuleni kwake, chai mbele yetu, aliniuliza ghafla, "Yule mama wa Kakese, mnaonana?" Nikasema hapana. Akasema, "Na mimi hapana." Akanisogezea sahani ya maandazi. Hicho ndicho kikao chetu chote juu ya jambo lile, na nilikula andazi.

Nilifika Ilembo Ijumaa mchana, kesho yake mazishi. Turubai zilikuwa zimefungwa, akina mama wanapika nyuma, timu ya wasichana imevaa sare na inagawa maji. Wenzangu wa ghalani walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, vitambi vimewatangulia. "Treni imefika, lakini naona behewa la mbele limeongezeka," mmoja akasema, tukacheka kwa sauti ya msibani. Oswadi alinishika bega akanieleza mpango: mimi nitasema dakika chache, kisha yeye atatangaza mashindano ya kila mwaka kwa jina la marehemu. Nikiwa naenda kuoga, Nkwabi akanisimamisha kwenye uzio. Mvi zimemjaa, mikono bado mikubwa. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, na mimi nikasema sina. Akasema, "Nimesikia wewe ndiye unayesema kesho." Nikaitikia. "Mama yupo hai," akasema. "Kule Kakese kukiwa na msiba anakwenda, hakosi. Wanampa kusenya kuni. Wanampa kuchota maji. Mwiko hawampi. Watoto wakipita kwake wamekatazwa hata maji ya kunywa. Miaka yote hiyo, Treni, mwanamke aliyewalisha nyie." Sauti yake haikupanda. "Mimi nikisema ni mtoto wake. Wewe ukisema kesho, mbele ya mji wote, itasikika mpaka Kakese. Sema tu kwamba hakuwa na kosa. Kocha ameshakwenda, hakuna atakayemfunga." Nikamwambia nitasema. Nilimpa mkono.

Nami nilikusudia kusema. Nilisimama na kipaza sauti, jeneza mbele yangu, mjane wake amekaa na mabinti wawili, watu wamejaa mpaka barabarani. Nilieleza benchi la mlangoni, magazeti, mgeni rasmi, kofia kwa mkuu wa shule. Watu walicheka na kulia palipostahili. Nilikuwa nasema vizuri, najua, na nilivyozidi kusema vizuri ndivyo sentensi ile ilivyozidi kuwa nzito, kama gunia ambalo ukilikalia kwanza huwezi kulinyanyua. Nikamwona Nkwabi pale kwenye uzio. Nikasema, "Na kuhusu mechi ile ya Sumbawanga ambayo wengi mnaikumbuka." Nikamtazama mjane wa Kocha. Nikasema, "Yule mama aliyekuwa akitupikia, sisi wachezaji wake, hatuna kinyongo naye."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Hapana, najua. Yalitoka palepale lilipotoka "tulikunywa". Kukawa na mnong'ono wa kuridhika, mwanamke mmoja akasema "Ameni", na kabla sijafungua mdomo tena Oswadi alikuwa ameshachukua kipaza sauti. "Huo ndio moyo wa marehemu," akasema. "Alimwokoa, alimsamehe, na vijana wake leo wamesamehe." Watu wakapiga makofi, makofi ya msibani, ya polepole. Nilipotazama uzio Nkwabi alikuwa anawasha pikipiki. Mzee mmoja nisiyemjua alinishika mkono akasema nimeongea kama mtu mzima. Nilikaa kwenye kiti changu nikazika mtu niliyempenda, na wakati wa kutupa udongo mkono wangu ulitupa, lakini sikuweza kumwaga hata chozi, maana niliona nikilia nitapongezwa tena.

Asubuhi ya Jumapili basi la Sumbawanga lilikuwa linaondoka na nilikuwa nimekata tiketi, nikaliacha. Nikapanda bodaboda kwenda Kakese. Mwendo mfupi sana. Hilo nalo ni la kuona haya, jinsi ulivyo mfupi. Mama Nkwabi alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchele kwenye ungo, mdogo kuliko nilivyomweka akilini, macho yakiwa yamefifia, si mekundu tena. Nilipiga magoti nikamwamkia. Akanitambua kwa sauti. "Ng'wanone," akasema. "Nkwabi anasema jana mlinisamehe." Hakukasirika. Alikuwa anaondoa vijiwe. "Nikawa nauliza, wamenisamehe nini?"

Nikamweleza yote, kuanzia benchi lililolia mpaka "tulikunywa". Ndoo, mizizi, mguu juu ya mpira, maneno ya Kocha ghalani. Nilieleza nikiwa nimeinama, na nilipomaliza nilingoja. Alipuliza makapi. Akasema, "Haya Nkwabi aliniambia mvua za mwaka uleule. Umetoka mbali kuniletea habari yangu mwenyewe." Nikamwomba msamaha. Akasema msamaha utakaa, hauozi, tutauona baadaye. Nikamuuliza nifanye nini. Alinyoosha mkono wenye punje za mchele. "Unaiona nyumba ile ya bati jipya? Yule mwanamke ana watoto wanne. Mdogo alianguka hapo mlangoni kwangu akachubuka goti, nikamwosha. Mama yake alikuja akamwosha tena. Hayo maneno yako hapa si mahali pake. Kayaseme pale." Nikauliza, "Na nikitoka pale?" Akasema, "Nyuma yake kuna nyumba nyingine."

Nikaenda kupiga hodi. Mwanamke wa nyumba ile alikuwa anamenya karanga, akanitazama kwa mashaka, mgeni mwenye begi. Nilimwambia nilikuwa mchezaji wa Kocha Gaudensi, na uso wake ukafunguka palepale. Aliniletea kigoda, akanipa pole ya msiba, akamtuma mtoto maji. Nilikaa kwenye kigoda cha jina la Kocha, nikanywa maji ya jina lake, kisha nikaanza kumwambia habari ya mizizi. Mikono yake iliacha karanga. "Kwa hiyo yule bibi," akasema, akaangalia upande wa mlango ule. "Na Kocha alijua?" Nikasema alijua. "Na nyie wote mlijua?" Nikasema tulijua. Halafu akaita nyuma ya nyumba, "Baba Neema, hebu njoo. Kuna mtu hapa. Nataka usikie mwenyewe, usije ukasema nimetunga." Mume wake akaja na jembe begani, kijana wa miaka thelathini na kitu, na aliponiona akatabasamu, akaliweka jembe chini na kuja kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo mzee," akasema. "Si wewe uliyezungumza jana pale Ilembo? Ulisema vizuri sana."

"Hapana," nikamwambia. "Sikusema vizuri. Kaa kwanza."